Mama Rola, fundi aliyegoma kulipiga jiko rangi upya

Saa tatu asubuhi, Mama Rola anaingia jikoni kwa mteja wake akiwa na kopo tupu mkono mmoja, ubao mkono wa pili, na risiti ya duka la rangi ameibana kwa meno. Hakubeba brashi wala ngazi. Leo hakuja kupaka rangi. Amekuja kujitetea.

Bibi mwenye jiko ameketi kwenye kigoda kando ya jiko la gesi, mikono ameikunja kifuani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeniletea rangi yangu?"

"Rangi yako iko ukutani, Bibi."

"Iliyo ukutani ni ya chumba cha maiti. Yangu umeipeleka wapi?"

Mama Rola analiweka kopo mezani polepole, kama mtu anayeweka yai. Angeliweka anavyotaka yeye, meza ingepasuka.

Ana miaka arobaini na minane na watoto watatu, na mumewe hutengeneza baiskeli. Miaka kumi na tisa sasa anapiga rangi nyumba za watu, na kazi anayoipenda kuliko zote ni majiko. Katika chama cha mafundi rangi anakolipa ada kuna wanachama thelathini na mmoja. Wanawake ni wawili, yeye na mwenzake anayepiga mageti tu.

Hakuanza na brashi. Alianza na kisu butu. Alikuwa akiitwa kusafisha nyumba mpya baada ya mafundi kuondoka, akikwangua matone ya rangi sakafuni, kwenye vioo na kwenye vitasa vya milango.

"Nilisoma kazi hii kwa kukwangua makosa ya wanaume," anasema. "Ukikwangua makosa miaka miwili, unajua yote yanavyofanyika. Nikaona heri nishike rola mwenyewe, angalau nikwangue ya kwangu."

Kwa mwaka hupata majiko kama ishirini. Miezi ya mvua hupata moja, au hakuna, maana ukuta mbichi haupokei rangi. Jiko moja, anasema, hulipa ada ya muhula ya mtoto mmoja na kubakiza chakula cha wiki mbili. Hana tangazo barabarani wala picha kwenye simu. Kazi zake zote hutoka kinywani mwa mteja mmoja na kuingia sikioni mwa mwingine.

Na hapo ndipo kinywa cha bibi huyu kinapoumiza.

Mtaa huu una nyumba kumi na nne zilizojengwa kwa ramani moja: dirisha dogo juu ya sinki, makabati ya mbao, ukuta mmoja mpana unaotazamana na jiko. Mama Rola alipomaliza jiko la bibi, majirani wanne walikuwa wamekwisha kumwahidi majiko yao. Wiki mbili baadaye watatu walijitoa. Mmoja alimwambia safari. Mwingine alimwambia msiba. Wa tatu, mkweli kuliko wenzake, alimwambia kupitia dirisha la gari: "Fundi, inasemekana unauza makopo ya watu na kuwapigia chokaa."

"Inasemekana," Mama Rola anarudia, akilitamka neno hilo kama linanuka. "Mtu akisema 'inasemekana', ujue anamjua kwa jina aliyeyasema, na chai wamekunywa pamoja."

Kinachomuudhi zaidi ni kwamba hapigi rangi kienyeji. Ana utaratibu, na ameupata kwa kuumia.

Kwanza, anayepika ndiye anayechagua. Zamani alimsikiliza mume wa mtu aliyetaka jiko la kijani kibichi cha chupa, akalipiga likang'aa, na baada ya mwezi mke akampigia simu akilia kwamba haoni kama nyama imeiva. Tangu hapo akiingia nyumbani swali lake la kwanza ni "Nani anapika humu?" Wengine wote huwaomba wakakae sebuleni.

Pili, hachagui kwa kadi za dukani. "Kadi ni ndogo kama stempu. Na majina yale! Ukungu wa Asubuhi, Pumzi ya Waridi. Yanabuniwa na watu ambao hawajawahi kukaanga kitu," anasema. Yeye hununua kopo dogo, anapaka ubao wenye upana wa viganja viwili, mara mbili, ukauke, kisha anauegemeza ukutani, juu ya jiko la kupikia, kwa siku tatu. Mpishi auone asubuhi, auone mchana, auone taa ikiwa imewashwa na mvuke ukipanda.

Mpishi akiridhika, anaandika neno lake nyuma ya ubao kwa mkono wake na kutia saini. Ubao unabaki kwa Mama Rola.

Bibi alipelekewa mbao tatu. Alichagua wa pili, weupe uliotiwa tone la kijivu, namba ishirini na saba kwenye orodha ya duka. Mama Rola anaugeuza sasa na kumwekea mbele ya uso.

"Bibi, huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Na saini?"

"Yangu. Saini ni yangu, rangi siyo yangu. Umeupaka ubao juu yake."

Mama Rola anaangalia dari. Dari nayo aliipiga yeye, na haina kasoro.

Bibi ana miaka sabini na mmoja, na si mtu wa kubishana naye habari za rangi. Alikuwa mshonaji kwa miaka arobaini. Bado ana cherehani chini ya dirisha la chumba chake, na bado majirani humletea mashuka na sare za kupindwa.

"Mimi," anasema, akijigonga kifua, "nimelinganisha nyuzi na vitambaa tangu wewe hujaota meno. Wateja walikuwa wananiletea kitambaa, naingia dukani bila kipande, natoka na uzi uleule. Leo uniambie sijui nilichochagua?"

Mke wa mwanawe, karani katika ofisi ya maji, amesimama mlangoni na mkoba begani. Alitakiwa awe kazini nusu saa iliyopita. Anaangalia saa, anamwangalia mama mkwe, anamwangalia fundi, kisha anaangalia miguu yake.

Mwanawe naye, mpima ardhi, yumo sebuleni na gazeti. Aliulizwa mara moja tu ukuta una rangi gani, akajibu, "Nyeupe." Ubao je? "Nyeupe." Na siagi iliyo mezani? "Nayo si nyeupe?" Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena.

"Fundi," mke anasema kwa sauti ya chini, "piga tu upya, yaishe. Tutalipia rangi, tutakulipa na kazi."

"Dada, nakushukuru. Sipigi."

"Lakini hupotezi kitu."

"Sipotezi kitu? Nikishika brashi kwenye kuta hizi leo, mtaa mzima utasema: mmeona, kabanwa, kakiri. Nyumba kumi na nne! Nitakuwa mwizi aliyerudisha, basi. Mwizi aliyerudisha bado ni mwizi."

"Basi kaa na ubao wako," bibi anasema.

"Nitakaa nao."

Kazi yenyewe ilifanyika siku nne, bibi akiwa hayupo. Alikuwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, kisha akapumzika wiki mbili kwa binti yake ili harufu ya rangi isimsumbue. Familia ilitaka arudi akute jiko jipya, afurahi. Alirudi, akavua miwani myeusi mlangoni, akasimama katikati ya jiko, akauliza: "Nani amekufa?"

Hayo yote Mama Rola ameyasikia mara nyingi, na leo ameazimia kutoondoka mpaka yaishe. Anavuta kigoda cha pili na kuketi. Mke, alivyoona hakuna anayetoka, anaweka mkoba chini na kubandika chai. Angalau wapigane matumbo yakiwa na kitu.

Kabla chai haijachemka, anawamiminia maziwa wanywe. Bibi anainamia kikombe na kusonya.

"Hata huyu muuza maziwa siku hizi mwizi. Tazama, maji matupu. Yana ubuluu."

"Mama, ni maziwa yaleyale."

"Yaleyale wapi! Na dobi naye anarudisha mashuka yametiwa dawa. Meupe mpaka yanachoma macho. Mashuka yangu hayakuwa hivyo."

Mama Rola anasita, kikombe kikiwa njiani kwenda mdomoni.

"Bibi, muuza maziwa kaanza lini kutia maji?"

"Hivi karibuni."

"Na dobi?"

"Hivi karibuni. Wote mmeanza wizi wakati mmoja, kama mmekaa kikao."

"Tangu ulipotoka hospitali?"

Bibi anasukuma kikombe pembeni. Si mjinga. Anahisi swali hilo lina ndoano ndani yake, ila haoni iko wapi.

Mama Rola anasimama na kuuegemeza ubao ukutani, rangi yake ikitazama mbele. "Bibi, nikuombe kitu kimoja tu. Ukinifanyia, nikishindwa, nitalipiga jiko lote upya bila senti yako na nitawaambia majirani mwenyewe kwamba nilikuibia."

"Sema."

"Weka kiganja mbele ya jicho lililofanyiwa upasuaji. Usiliguse. Litilie kivuli tu, uangalie kwa lile la zamani."

"Mchezo gani huu?"

"Wa dakika moja."

Bibi anainua mkono wa kulia, kwa uso wa mtu anayemridhisha mtoto. Anautazama ukuta.

Chai inafurika, mke anakimbilia kuzima gesi.

Bibi anashusha mkono. Anauinua tena. Anaziba jicho la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto. Sasa anafanya haraka haraka.

"Samli," anasema.

"Nini, Mama?"

"Huku ni samli. Ile niliyochagua. Na huku..." anabadilisha kiganja, "huku ni majivu."

Anauchukua ubao, anautazama kwa jicho moja, kisha la pili. Anakitazama kikombe. Anamtazama mke wa mwanawe kwa jicho jipya, karibu sana, mpaka mke anarudi nyuma.

"Kumbe una madoadoa puani?"

"Ninayo tangu utotoni, Mama."

"Miaka tisa uko nyumbani kwangu, sijapata kuyaona."

Mtoto wa jicho huja taratibu, na lenzi ya jicho ikizeeka huwa kama kioo kilichokaa juu ya moshi miaka mingi. Nyeupe huonekana ina umanjano, na mwenye jicho hajui, kwa sababu kila kitu kimebadilika pamoja. Akitolewa kwenye jicho moja, mwanga huingia mwingi, na nyeupe hurudi kuwa nyeupe, tena yenye baridi. Haya bibi alielezwa hospitali, mke anakumbuka sasa, katika karatasi moja na habari za matone na kutoinama. Karatasi iko juu ya friji. Hakuna aliyeisoma mpaka mwisho.

Bibi anainuka bila kuaga na kwenda chumbani kwake. Anarudi na shuka alilolipinda mwaka jana la rangi ya krimu, mali ya jirani, ambalo halijachukuliwa. Analitandaza mezani, anaziba jicho la zamani, na kupitisha kidole kwenye mshono.

Kitambaa ni krimu. Uzi ni mweupe pe.

Anakwenda tena, analeta foronya. Krimu, uzi mweupe. Analeta kitambaa cha meza alichompa mwanawe mwaka juzi, kwenye kumbukumbu ya arusi yake. Cheupe, na uzi wa manjano iliyopauka umezunguka pande zote nne, unaonekana hata kutoka mlangoni.

"Tangu lini?" anauliza.

Mke anakunja ncha ya mtandio wake. "Miaka minne, Mama. Mitano."

"Mlikuwa mnaona?"

"Tulikuwa tunaona."

"Na majirani?"

"Nao."

"Na hata mmoja wenu hakunifungulia mdomo?"

"Ningekuambiaje, Mama? Wewe ndiye fundi wa rangi za nyuzi. Mimi ni mkwe."

Wakati huo Mama Rola, ambaye kwa wiki tatu amekuwa akihesabu moja mpaka kumi kabla ya kila jibu, anasahau kuhesabu.

"Ngoja kwanza, dada. Ukuta je? Ubao na ukuta, ulikuwa unaona ni rangi moja?"

Mke anainamisha kichwa. "Nilikuwa naona."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilifikiri ukipiga upya yatakwisha bila mtu kuaibika."

"Bila mtu kuaibika! Mimi si mtu?" Sauti yake inafika sebuleni, gazeti linashuka. "Uzi mmeunyamazia miaka mitano kwa heshima, lakini mimi mkaacha nitukanwe nyumba kwa nyumba! Heshima gani hiyo ya upande mmoja?"

Anaketi tena kwenye kigoda.

Kisha anaugeuza ubao na kuusoma tena mwandiko wa bibi. Safari hii anausoma kwa sauti: "Hii ndiyo. Kama samli."

Anausogeza mbali, anafikicha paji la uso.

"Na mimi nimo," anasema. "Mtu ananiandikia samli kwenye ubao wa kijivu, nacheka moyoni, nasema wazee na maneno yao. Ningeuliza siku ile, 'Bibi, samli iko wapi hapa?' Swali moja tu. Nami niliogopa kumkosoa mtu mzima."

Bibi anakunja shuka, kona kwa kona. Hasemi samahani. Watu wa nyumba hii wanasema hawajawahi kumsikia akilitamka neno hilo. Anavaa miwani yake myeusi, anachukua ubao chini ya kwapa na kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi, Mama?" mwanawe anauliza, akiwa ameinuka mwishowe.

"Nilimsema mlango kwa mlango. Nitamsafisha mlango kwa mlango. Wewe fundi, usinifuate. Ukinifuata watadhani umenilipa."

Anachukua saa mbili. Katika nyumba ya tatu, jirani anasimulia baadaye, bibi alimwamuru baba wa nyumba aseme kwa sauti kwamba ubao ule ni wa kijivu, kisha akamwambia: "Mimi niliuona samli. Fundi hana kosa. Na shuka lako nililolishona vibaya, lete nilifumue, na siku nyingine ukiona uzi mbaya sema, una mdomo wa kazi gani?"

Neno likishatoka halirudi lote. Kati ya majirani watatu waliojitoa, wawili wamerudi. Mwenye safari ameghairi safari, na mwenye msiba hakuutaja tena msiba wake. Yule mkweli wa dirisha la gari amekwisha kumpa fundi mwingine jiko lake, na kazi imekwisha. Mama Rola amelipita dirisha lake na kuchungulia.

"Kapaka juu ya mafuta bila kuosha ukuta," anasema. "Miezi sita litabanduka kama ngozi ya kitunguu. Sitasema neno. Hapana, nitasema. Nimechoka na watu wasiosema."

Jiko la bibi halijaguswa. Bibi ameshatoa maamuzi mawili katika wiki moja: kwanza lipigwe rangi ya samli kabisa, kisha akasema aachiwe hilohilo la majivu, linaonyesha uchafu vizuri. Mama Rola hajakubali lolote kati ya hayo mawili. Jicho la pili linafanyiwa upasuaji baada ya wiki sita, na mpaka macho yote mawili yakubaliane hatafungua kopo.

"Sasa hivi ana wapishi wawili kichwani," anasema. "Nikimsikiliza mmoja, mwingine atanishtaki."

Utaratibu wake ameuongeza. Mpishi mwenye umri mkubwa, kabla ya kuonyeshwa ubao, anaulizwa alipimwa macho lini. Wateja wawili wamekwisha kununa. Mmoja alimuuliza kama amekuja kupiga rangi au kutoa dawa. Mama Rola anaendelea kuuliza.

Lipo jambo jingine, na analisema huku akiangalia pembeni. Yeye mwenyewe hajapimwa macho tangu azaliwe. Miaka kumi na tisa amekaa ndani ya vumbi la msasa na harufu ya rangi ya mafuta, na tangu siku ile ya viganja amekuwa akijiziba jicho moja moja kila anapofika mbele ya ukuta mweupe. Wakati mwingine anaona tofauti. Wakati mwingine anafikiri ni woga tu.

Bibi ndiye aliyempangia siku. Alipokwenda kliniki kuandikisha jicho lake la pili, aliandikisha na fundi wake, bila kumuuliza.

"Twende wote," alimwambia. "Usije ukawa unawapaka watu rangi za ndotoni."

Ni Jumanne ijayo. Mama Rola amehamisha kazi moja ili aende, na binti yake mkubwa anamsihi asimwambie mtu yeyote mpaka majibu yatoke, kwa sababu fundi rangi mwenye shaka na macho yake atapewa kazi na nani?

"Wakinikuta mzima, nitawaambia wateja," anasema, akifunga kifuniko cha kopo kwa kukigonga na mpini wa nyundo. "Wakinikuta na mtoto wa jicho, nitawaambia vilevile, na nitamtafuta mtu mwenye macho asimame pembeni yangu wakati wa kuchagua, mpaka nitibiwe. Atakayenikimbia anikimbie. Lakini wasininyamazie."